Super Nintendo ilijaza kampuni za nje, Nintendo 64 ikazikosa, na zote mbili ni za kaseti: tupige hesabu upya

#1 (Mleta uzi)

Habari zenu wakuu.

Kila mjadala wa konsoli za zamani unapofika kwenye Nintendo 64, jibu huwa liko tayari mdomoni: Nintendo waling'ang'ania kaseti, Sony wakaleta CD, kampuni za nje zikahama. Nami nimelirudia jibu hilo miaka mingi. Juzi nilikaa na orodha ya gemu za Super Nintendo upande mmoja na ya Nintendo 64 upande wa pili, nikawa nafuata jina la kila mchapishaji kutoka orodha ya kwanza kwenda ya pili. Kadiri nilivyoendelea ndivyo jibu lile lilivyozidi kunikataa. Maana Super Nintendo nayo ilikuwa ya kaseti, tena kaseti ndogo: kubwa kabisa ilibeba megabaiti 6, wakati za Nintendo 64 zilifika 64. Prosesa yake ilikuwa ya pole hata kwa wakati wake. Lakini Square walikuwepo, Enix walikuwepo, Capcom na Konami walikaa pale kama wako kwao. Kama kaseti ndiyo sumu, mbona huyu wa kwanza haikumdhuru?

Ninaposema kampuni ya nje namaanisha mchapishaji asiye Nintendo. Rare siwaweki humu. GoldenEye 007 na Banjo-Kazooie nazipenda sana, ila Nintendo alikuwa na hisa Rare, kwa hiyo tukiwahesabu humu tutakuwa tunajidanganya.

Kwa idadi tupu, Super Nintendo ilipata gemu zaidi ya 1,700 ukijumlisha Japani na kwingineko, na Nintendo 64 haikufika 400. Idadi hiyo inatisha lakini haielezi kitu, kwa sababu nyingi katika zile 1,700 hazikuwahi kutoka nje ya Japani. Jina kwa jina ndiko kwenye habari. Square kwenye Super Nintendo wana Final Fantasy IV, V na VI, wana Secret of Mana, wana Chrono Trigger. Kwenye Nintendo 64 hawana hata moja. Capcom walikuwa na Street Fighter II na matoleo yake, Final Fight, Mega Man X tatu nzima, Breath of Fire mbili. Nintendo 64 wakailetea gemu tatu katika maisha yake yote: Mega Man 64, Resident Evil 2 na Magical Tetris Challenge. Enix, wenye Dragon Quest V na VI, wakatangaza Januari 1997 kwamba ya VII itatoka PlayStation ya Sony.

Sasa tuitazame kaseti kama mfanyabiashara anavyoitazama. Mchapishaji wa Super Nintendo hakuwa na ruhusa ya kujitengenezea kaseti anavyotaka. Alipeleka gemu kwa Nintendo, ikakaguliwa, kisha akaagiza idadi fulani na kuilipia kabla haijauzwa hata moja. Utengenezaji ulichukua wiki kadhaa, kwa hiyo ilimlazimu abashiri leo watu watanunua ngapi baadaye. Akibashiri chini, gemu inakwisha madukani na hamu ya watu inapoa kabla mzigo wa pili haujafika. Akibashiri juu, mzigo unamdodea, na kila kaseti iliyododa ina chipu za ROM, zile zinazobeba gemu yenyewe, ambazo tayari amezilipia. Nintendo yeye ameshapata chake tangu siku ya oda.

Walikubali masharti hayo kwa sababu ndiko wateja walikokuwa. Super Nintendo iliuzwa milioni 49.1 dunia nzima. Na mshindani wake mkubwa, Sega, naye alikuwa wa kaseti. Zile CD za kuchomeka kama kiambatisho, mfano Mega-CD, hazikuwa na wanunuzi wa kutosha kumfanya mtu ahamishe biashara yake. Kwa hiyo hatari ya oda ilikuwa kitu cha kawaida tu, kama ushuru ambao kila mtu sokoni anaulipa.

Kuna jambo lingine la kizazi kile ambalo sioni likitajwa sana. Kaseti ilikuwa inabeba nguvu. Ukiifungua Mega Man X2 ya mwaka 1994, kwenye bodi yake pembeni ya ROM utakuta chipu ya Capcom wenyewe iitwayo Cx4. Kazi yake ni kupiga hesabu za pembe na mizunguko ambazo prosesa ya mashine isingeziweza kwa kasi ile, na ndiyo inayochora lile umbo la mistari mitupu la Sigma, adui mkuu wa gemu hiyo, linalozunguka hewani. Star Ocean ya 1996 ina chipu ya S-DD1 inayofungua data iliyobanwa wakati gemu inaendelea. Maana yake mchapishaji wa wakati ule alikula gharama ya kaseti, lakini kaseti hiyohiyo ilimruhusu aiongezee mashine uwezo ambao haikuzaliwa nao. Nintendo 64 ilipokuja Juni 1996 na prosesa yake ya megahezi 93.75 pamoja na chipu ya grafiksi kutoka Silicon Graphics, haja hiyo ikaisha. Gharama ikabaki palepale.

Na katikati ya hapo, Desemba 1994, PlayStation ilikuwa imeshatoka Japani. Watu hutazama ukubwa: CD takriban megabaiti 650, na Super Mario 64 nzima ni megabaiti 8. Mimi natazama oda. CD inachapwa haraka, kwa sehemu ndogo ya gharama ya kaseti. Mchapishaji anaagiza mzigo mdogo, anaona soko linasemaje, anaongeza. Gemu isiyo na uhakika inaweza kujaribiwa bila kampuni kuweka mtaji wake wote rehani. Na Sony hakuwa mgeni katika haya: chipu ya sauti ya Super Nintendo ni yake, kazi ya Ken Kutaragi, na hadi mwaka 1991 alikuwa akijenga na Nintendo mashine ya CD, kabla Nintendo hajamgeuka na kutangaza ushirikiano na Philips. Nikifikiria gemu ambazo zingezaliwa kama mpango ule ungefika mwisho, roho inaniuma mpaka leo.

Hoja yangu ni kwamba kampuni za nje zilikimbia hatari ya oda mara tu mtu mwingine alipowafungulia mlango, na ukubwa wa kaseti ulikuja nyuma ya hapo. Ushahidi ninaoutegemea ni aina za gemu zilizohama na zile zilizobaki.

Nawasilisha. Tujadili.

#2

Mkuu uzi umetulia, ila kuna kitu kikubwa umekiruka. Nintendo 64 ilikuwa ngumu kuiandikia gemu. Sehemu ya kuhifadhia picha za kupaka kwenye maumbo ilikuwa kilobaiti 4 tu, ndiyo maana gemu nyingi zina kuta zilizofifia kama umezitazama kupitia kioo chenye mvuke. Memori yake ilikuwa na kasi ikishaanza kumwaga data, lakini inachelewa kuanza. Na ile mikrokodi inayoiendesha chipu ya grafiksi haikuwa kitu cha kupewa mtu wa nje kirahisi akaichezea. Factor 5 waliandika ya kwao wenyewe ndipo wakatoa Indiana Jones na Battle for Naboo zikiwa na mwonekano ule. Studio ya kawaida ingeanzia wapi? Kwangu mimi hilo liliwafukuza watu kabla hata ya kufikia mambo ya oda.

#3 (Mleta uzi)

Mkuu, kila ulichokitaja ni kweli, na hao Factor 5 wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa. Ila hebu upeleke ugumu huo kwenye mashine nyingine uone kama bado unajibu swali.

PlayStation 2 ya mwaka 2000 ilikuwa ngumu mno. Ilikuwa na vitengo viwili vya vekta, vya kupiga hesabu za maumbo, ambavyo mtu alipaswa kuvilisha kazi kwa mkono, na memori ya video megabaiti 4 tu. Watengenezaji walilalamika waziwazi, na bado wote wakaenda, ikauzwa zaidi ya milioni 150. Upande mwingine chukua Sega Saturn. Prosesa kuu mbili, ngumu kweli, tena ya CD, na nje ya Japani ikaanguka. Kwa hiyo kuna mashine ngumu iliyojaa na mashine ngumu iliyopungukiwa, na hiyo ya pili CD ilikuwa nayo. Studio hukubali kuteseka na mashine ikiona pesa yake itarudi. Nintendo 64 iliwaomba wateseke halafu walipie mzigo mapema.

Pale ambapo nakubali kurudi nyuma ni kwa Square. Mwaka 1995 walionyesha wahusika wa Final Fantasy VI katika 3D wakitumia kompyuta za Silicon Graphics, na watu wengi wakaamini wanaiona Final Fantasy ya Nintendo 64. Hawakuwa waoga wa zana zile. Lakini gemu waliyoitaka ilikuwa na video ndefu na mandhari zilizochorwa mapema, picha juu ya picha. Final Fantasy VII ilipotoka Japani Januari 1997 ilikuwa CD tatu. Hapo ukubwa wenyewe ulikuwa na neno la mwisho, sitaubishia. Ninachokataa ni kuichukua Square kama mfano wa kila mtu. Gemu nyingi zilizohama zingeingia kwenye kaseti bila shida.

#4

Nimefurahi kuuona uzi huu, ila mmekaa sana na walioondoka. Waliobaki je? Mimi Nintendo 64 niliyoijua ilikuwa imejaa kampuni za nje. ISS 64 ya Konami, mpira ambao ukishika pedi unahisi mchezaji ana uzito. Turok ya Acclaim. Mieleka ya THQ, kuanzia WCW/nWo Revenge mpaka WWF No Mercy ya mwaka 2000, tunacheza wanne, pedi nne, mmoja akitolewa ulingoni kelele zinafika nyumba ya tatu. Kwetu sisi hakuna aliyekimbia. Ukiniambia mashine ilikuwa tupu nitashangaa.

#5 (Mleta uzi)

Mkuu, umenipa nilichokuwa nakisubiri. Hebu zipange hizo ulizozitaja: mpira, bunduki, mieleka. Ongeza magari na mpira wa kikapu wa Midway. Gemu za namna hiyo zinatumia uwanja au ulingo uleule tena na tena, hazihitaji video ndefu, na zina mnunuzi anayejulikana. Mchapishaji mwenye leseni ya mieleka, kwa umaarufu wa mieleka ya miaka ile, akiagiza kaseti anajua kwa kiasi fulani zitakwenda wapi. Hatari ya oda inapungua. Halafu Nintendo wakaweka matundu manne ya pedi kwenye mashine yenyewe, wakati PlayStation ilikuwa na mawili na kifaa cha kuongezea kilinunuliwa pembeni. Aliyetengeneza gemu ya watu wanne alijua kila mwenye mashine ana sehemu ya kuchomeka.

Kilichokosekana ni gemu ndefu za hadithi, gemu za majaribio, gemu ndogo za studio ndogo. Matokeo yake yako kwenye mauzo ya kanda, na hapa ndipo pananisisimua kuliko pote. Kwa bara la Amerika, Super Nintendo iliuzwa milioni 23.35 na Nintendo 64 milioni 20.63. Imeshuka, lakini kidogo. Kwa Japani, Super Famicom, yaani Super Nintendo ya huko, iliuzwa milioni 17.17 na Nintendo 64 milioni 5.54. Chini ya theluthi moja. Mashine ni ileile, kaseti ni zilezile. Tofauti ni kwamba Amerika walikuwa wanataka vile vilivyobaki na Japani walikuwa wanataka vile vilivyohama. Kwa hiyo kumbukumbu yako ya nyumba iliyojaa kelele na kumbukumbu ya Mjapani aliyesubiri Dragon Quest kwenye mashine hiyo bila kuiona, zote ni za kweli.

Na kwa kuwa umewataja Konami, watazame kwa karibu, maana wao hawakuondoka. Waligawa. Mpira wa Nintendo 64 ulitengenezwa na timu yao ya Osaka, wa PlayStation na timu ya Tokyo. Mhusika wao Goemon wakampeleka Nintendo 64, tena vizuri sana. Lakini Symphony of the Night ya 1997, Metal Gear Solid ya 1998 na Silent Hill ya 1999 zote zikaenda PlayStation. Kampuni moja, mwaka uleule, inaamua gemu ipi ibebe hatari ya kaseti na ipi isibebe. Ukitaka kuiona hoja yangu ikitembea kwa miguu yake, ipo Konami.

#6

Mleta uzi, naona unaipa CD sifa nyingi. Kwanza kaseti haikuwa na kusubiri. Unawasha, unacheza. Wenye PlayStation walitazama skrini nyeusi mpaka wakachoka. Kaseti ni ngumu kunakili kiharamia, wakati CD zilinakiliwa kila kona na mchapishaji hakupata kitu. Pili, Resident Evil 2 iliingia kwenye Nintendo 64 na video zake. CD mbili ndani ya kaseti moja! Kama hilo liliwezekana, basi wengine hawakutaka tu kujituma.

#7 (Mleta uzi)

La kusubiri na la kunakili nakubali bila masharti, na ndizo sababu ambazo Nintendo wenyewe walizitoa. Mtu aliyeingia jumba la Ocarina of Time akatoka bila skrini kusimama anajua thamani yake.

Resident Evil 2 ndiyo kazi ya kampuni ya nje ninayoihusudu kuliko zote kwenye mashine ile. Angel Studios waliifanya, ikatoka 1999. Kaseti ya megabaiti 64, ukubwa wa juu kabisa uliowahi kutumika pale. Video wakazibana mpaka zikawa na chengachenga lakini zinaonekana na zinasikika, picha za mandhari wakazibana, sauti wakazibana. Halafu juu ya hapo wakaongeza vitu ambavyo PlayStation haikuwa navyo: mafaili ya ziada ya hadithi, njia ya kuchanganya mahali vitu vilipo ili kila mchezo uwe mpya, hadi kuchagua rangi ya damu. Hao walijituma kuliko hata walivyoombwa.

Ila geuza sarafu, mkuu. Kaseti kubwa ndiyo kaseti ghali kuliko zote. Capcom alipaswa kulipa timu nzima ya kubana gemu ambayo ilikuwa imeshauzwa kwa wingi sehemu nyingine, kisha aagize kaseti za bei ya juu kabisa, kisha alipie mapema, kwa mashine ambayo miaka yake ilikuwa inakwisha. Aliwezaje? Kwa sababu jina Resident Evil lilikuwa kubwa kiasi cha kubeba oda hiyo. Gemu isiyo na jina haiwezi. Na hata Capcom hakurudia kaseti ya ukubwa ule. Kwa hiyo mimi naisoma kinyume chako: uwezekano ulikuwepo, na gharama ya uwezekano huo ndiyo iliyowazuia wengine. Sikubali kuwaita wavivu.

Tena ukitaka kuiona gharama hiyo kwa macho, angalia zinavyohifadhi mchezo. Kuweka chipu ya kuhifadhia ndani ya kaseti ilikuwa nyongeza kwenye kila kaseti unayoagiza. Ukiiacha, mchezaji anajinunulia Controller Pak, ile memori kadi ya kuchomeka nyuma ya pedi, na wewe umepunguza oda yako. Kwa mwenye kuagiza laki moja, chipu ndogo ikizidishwa mara laki moja si ndogo tena. Wenye kaseti zenu nyumbani hebu zikagueni.

#8

Nimekagua, mleta uzi. Za Nintendo na Rare nilizonazo ni Super Mario 64, Ocarina of Time, GoldenEye na Banjo-Kazooie: zote zinahifadhi ndani yake. Za nje ninazo Turok, Mystical Ninja Starring Goemon, Castlevania, Tony Hawk's Pro Skater na No Mercy. Nne za kwanza zote zinadai Controller Pak. No Mercy peke yake ndiyo inayojihifadhia, na ukiangalia mieleka ilivyokuwa inauzwa, nadhani walijua pesa ya chipu itarudi. Kwa miaka yote hii nilidhani ni uamuzi wa watengenezaji tu, kama rangi ya boksi.

#9 (Mleta uzi)

Asante sana mkuu, nilikuwa sina Castlevania wala Tony Hawk za kuthibitisha. Hiyo ya Tony Hawk isikilize tena ukipata nafasi, nyimbo zake zimekatwakatwa ukilinganisha na za CD. Mistari mizima haipo. Ni bili ileile inalipwa upande mwingine.

Swali moja: hiyo Controller Pak yako bado inashika kumbukumbu? Ndani yake kuna betri ya kidonge, na ikifa, kila kilichomo kinakwenda nayo.

#10 (#8 tena)

Nimeichomeka sasa hivi. Kurasa 123, zote ziko wazi, hakuna faili hata moja. Betri imekufa, sijui tangu lini. Nikaweka Super Mario 64 kujipoza. Nyota zangu 120 zipo zote.